Chumvi niliyotia kwenye sufuria ya Bi Kanta, na uongo niliomwambia baadaye

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mnaonijua humu mnanijua kwa vituko, na najua kuna watu washaanza kucheka kabla sijafika popote. Leo subirini kidogo. Haya yamenitokea mwenyewe, sikuongeza wala sikupunguza, na wallahi ningefurahi kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Nipo darasa la kumi na moja, skuli moja huku Ibra, Oman. Nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu ya Bibi, nje Kiarabu. Nikiteleza maneno msinirukie.

Mwisho wa muhula uliopita nilifanya jambo. Tuko kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu kaacha maikrofoni wazi kaenda kutafuta karatasi. Nikaishika, nikaigiza sauti ya mudir, mkuu wa skuli, nikatangaza kwamba kwa sababu ya hali mbaya ya hewa skuli imefungwa.

Jua linawaka. Hakuna hata wingu la kuazima.

Mabasi mawili yaliondoka na watoto.

Wanafunzi walicheka wiki nzima. Baba hakucheka hata sekunde. Aliniita sebuleni akaniambia, "Wewe una nguvu nyingi na huna pa kuziweka. Likizo yote utakaa kwa bibi yako, kule Al Kamil. Na hutolala ndani na simu. Utafanya kazi kwa akina Naran."

"Kwa Mabaniani?"

"Kwa watu wanaoamka kabla yako."

Basi niwaeleze akina Naran ni nani, maana bila hivyo hamtoelewa kosa langu.

Ni familia nne za Kihindi, watu kumi na wanane ukiwahesabu na watoto. Wamekodi shamba linalopakana na la Bibi, njia ya kwenda Sur. Walilikuta limekauka, mitende nusu imekufa. Sasa wana ng'ombe kumi na mmoja, mboga, dengu, ufuta wanaokamua mafuta wenyewe, samli yao, hata jiko lao linawaka kwa gesi inayotoka kwenye shimo la samadi. Dukani wananunua mchele, chumvi, petroli na madaftari ya watoto. Khalas.

Na si wakulima tu. Wanaishi pale kwa ibada. Kila kazi kwao ni utumishi kwa mungu wao. Anayekama ng'ombe anatumikia, anayefagia anatumikia, anayefungua maji ya falaj, mfereji wa mashamba, ikifika zamu yao anatumikia. Hakuna anayesema "nimechoka na kazi", kwa sababu hakuna kitu wanachokiita kazi.

Miye utumishi wangu ulikuwa kubeba mavi ya ng'ombe kupeleka shimoni. Nikajipa cheo: Mudir wa Mavi. Nikaweka kwenye status, likes kibao.

Katika chumba kimoja cha nyumba yao wameweka sanamu dogo la shaba, mungu wao akiwa mtoto mchanga anayetambaa. Alfajiri wanamwamsha kwa kengele. Wanamwogesha, wanamvika nguo, msimu wa baridi wanamfunika kiblanketi. Halafu wanamlisha. Hakuna mtu pale anayekula kitu mpaka kile chakula kipelekwe kwanza kwa yule mtoto.

Nilimwambia Bibi, "Bahati yake, haendi skuli." Bibi akanipiga kofi la mgongo. "Maziwa yao unakunywa, halafu unawacheka? Nyamaza."

(Kabla hamjaanza mjadala wa dini: miye Muislamu, nilikuwa naswali zangu msikitini, na hakuna mtu pale aliyeniambia hata neno moja kuhusu dini yangu. Tuendelee.)

Mpishi wa yule mtoto alikuwa mama yake Naran. Anaitwa Bi Kanta.

Bi Kanta kazaliwa Wete, Pemba. Waliondoka yeye akiwa msichana mdogo, lakini Kiswahili chake, wakuu, ni kile cha zamani chenyewe, kinanishinda miye. Siku ya kwanza nikamwamkia shikamoo, akanitazama viatu vyangu vilivyojaa mavi, akasema, "Marahaba, mwanahizaya wee. Kanawe kabla hujanisogelea."

Nikampenda palepale.

Kila Alhamisi baada ya alasiri Bibi alikuwa anakwenda kwake. Wanakaa mkekani wanachagua dengu na kusengenya watu waliokufa zamani. Wajukuu wa Bi Kanta hawajui Kiswahili. Sisi wajukuu wa Bibi tunajua, lakini cha kuombea hela. Kwa hiyo wale wazee wawili, kwa lugha ile, kila mmoja ana mwenzake tu.

Sasa kuhusu upishi wake. Hili ndilo lenyewe.

Bi Kanta anapika kila siku bila kuonja. Chakula cha mtoto hakionjwi kabla ya mtoto. Hata kukinusa kwa tamaa hataki. Chumvi anatia kwa kiganja, anatazama povu, anainamisha sikio anasikiliza sufuria inavyochemka, kisha anafunika. Miaka zaidi ya arubaini hivyo hivyo.

Na chakula kikishatoka kwa mtoto, hakisemwi. Hawasemi kitamu, hawasemi kibaya, hawabakishi, hawamwagi. Ni zawadi, unakula unashukuru.

Miye nisingekula chakula kilichotolewa kwa sanamu, na Bi Kanta alilijua hilo bila kuambiwa, kwani kakulia na Waislamu. Kwa hiyo kila siku alinipikia kisufuria changu pembeni. Dengu zilezile, wali uleule, ila hakiendi kule chumbani. Kinakuja kwangu moja kwa moja.

Na kila siku baada ya kula alikuwa ananiita.

"Hebu niambie. Chako leo kilikuwaje?"

Mwanzo nilidhani ni maongezi tu. Baadaye nikafahamu. Miye nilikuwa mtu pekee kwenye shamba zima anayeruhusiwa kumwambia. Nikimwambia "bibi, leo umeniua", anacheka mpaka anajishika mbavu. Nikimwambia "binzari imezidi", kesho yake anarekebisha.

Mtu amepika miaka arubaini hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Halafu ananipata miye.

Miye, wakuu. Mudir wa Mavi.

Sasa kule kwenye group letu la skuli nikasimulia habari za kutoonja. Jamaa wakakataa. Haiwezekani mtu apikie watu kumi na wanane bila kuonja, lazima bi kizee anaonja kwa siri. Mmoja akasema, "Thibitisha, au unyoe kipara siku skuli inafunguliwa."

Nami akili yangu mnaijua. Nikapanga hivi: nitie chumvi ya kupindukia, niweke simu irekodi. Kama anaonja, atakunja uso, nimemnasa. Kama haonji, watu watakula watatema, na hiyo nayo video.

Kwa vyovyote nimeshinda. Ndivyo nilivyoona.

Siku hiyo nilipeleka ndoo za maji mpaka kizingiti cha jiko, kama kawaida. Ndani haruhusiwi kuingia mtu ambaye hajaoga. Bi Kanta akatoka kwenda kuchuma kotmiri. Nikavua viatu, nikaingia na nguo zangu za zizini. Simu nikaiegemeza kwenye gunia la unga. Sufuria kubwa ya dengu nikatia viganja viwili, ya mabilingani kimoja. Kisufuria changu sikukigusa, bila shaka. Si mjinga kiasi hicho. Nikarudi kizingitini.

Akarudi. Akatia kotmiri. Akainama akasikiliza. Akafunika.

Hakuonja.

Baadaye niliitazama ile video vizuri. Ana wimbo anauimba polepole. Na kabla hajatoka na sahani ya mtoto, amekichukua kisufuria changu akakisogeza karibu na moto akakifunika na kisahani, kisinipoe.

Hiyo sehemu nimeiona mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Basi kengele ikalia kule chumbani, chakula kikatolewa, kisha wote wakakaa chini barazani kwenye mstari. Miye pembeni na changu. Nimeshikilia kicheko.

Naran akatia tonge la kwanza. Akasita. Akameza. Akatia la pili.

Hansa, mke wa Naran, akamtazama mumewe, akainamisha macho akala.

Hakuna aliyetema. Hakuna aliyesema kitu. Watu kumi na wanane wanakula chumvi tupu kimya kimya mpaka sahani zinang'aa. Kabinti kao ka miaka mitano kaliomba maji mara nne, na kila mara mama yake anampa maji na kumwonyesha sahani: malizia. Akamalizia. Machozi yanamtoka, anamalizia.

Na miye niko pale na dengu zangu tamu. Nilikula zote. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Bi Kanta anakula wa mwisho siku zote. Nilimwona anavyotia tonge mdomoni. Hakukunja uso. Alisimamisha mkono hewani, akawatazama wote mmoja mmoja, sahani zao tupu, vikombe vyao vya maji. Kisha akala chake chote.

Halafu akaniita.

Hakuniita kwa utani. Alikuja mpaka nilipokaa akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yanalia.

"Mwanangu, niambie kweli. Chako kilikuwaje?"

Wakuu, hapa ndipo.

Ningesema "kitamu", angejua. Mkono mmoja, jiko moja, saa moja, sufuria mbili chumvi tupu na ya tatu tamu, na nani alikuwa mlangoni na ndoo? Bi Kanta si mjinga. Na Baba angejua, na ndiyo kwanza natumikia adhabu ya maikrofoni.

Nikasema, "Chumvi nyingi, bibi."

"Na chako pia?"

"Na changu pia."

Akautazama mkono wake wa kulia. Akaugeuza, akautazama tena, kama mtu anayetazama kitu alichookota njiani. Akasema taratibu, "Nimemlisha mtoto chumvi. Na mtoto hawezi kusema."

Akainuka akaenda zake.

Kule kwenye group niliituma ile video. Wakacheka sana, kipara nikakiepuka. Mmoja tu akauliza, "Mbona chako hukukitia?" Nikazima simu.

Kesho yake jikoni nikamkuta Hansa. Bi Kanta kakaa barazani anasokota tambi za pamba za taa. Nikamwuliza Naran kwa Kiarabu, mama vipi? Akaniambia mama anasema umri umefika, mkono umeharibika, hawezi tena kumpikia mtoto. Wamembembeleza wote, kakataa.

Nikajiambia atasahau baada ya siku mbili.

Siku ya pili, tambi. Ya tatu, tambi. Nikimwamkia anaitikia "marahaba, mwanangu". Ile mwanahizaya haipo. Kisufuria changu sasa anapika Hansa, na hakuna anayeniuliza kilikuwaje.

Siku ya tano Naran akawa anazungumza kwenye simu kuhusu tiketi. Mama anataka kwenda Gujarati kwa binti yake, moja kwa moja. Amesema pale shambani kila mtu ana utumishi wake, yeye hana tena, atakaa kama nani?

Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Nilibeba mavi nimenyamaza. Kwa mara ya kwanza nilifanya kazi kwa bidii, Naran akanisifu, nikatamani shimo lile lifunguke nimezwe.

Alhamisi Bibi akanichukua twende kumuaga. Alikuwa amembebea doti ya kanga kwenye mfuko.

Tukawakuta Bi Kanta na Hansa barazani. Bibi hakukaa hata vizuri.

"Kanta, unaniacha na nani?"

"Zuwena, usiniongezee. Miye mkono umeniharibikia."

"Chumvi! Chumvi nani hajawahi kuzidisha? Mimi juzi nimempa imamu chai ya chumvi, kanywa akaniombea dua."

Bi Kanta hakucheka. "Sufuria moja ningesema nimepitiwa. Zilikuwa tatu. Leo chumvi, kesho nitatia nini? Hata cha mjukuu wako kilikuwa vilevile. Mwulize."

Bibi akageuka.

"Kweli?"

Wananitazama wote watatu. Hansa Kiswahili hajui, lakini alijua kuna kitu.

Nataka niwaambie nilikuwa shujaa. Sikuwa. Nikatazama lango, nikahesabu kabisa hatua za kufika nje. Kilichonishinda ni Bibi. Alikuwa anaomba kwa macho nimwambie neno lolote la kumbakisha mwenzake, na neno lenyewe nilikuwa nalo miye.

Nikasema, "Changu kilikuwa kitamu."



"Chumvi nilitia miye. Zile kubwa mbili. Yeye alipokwenda kuchuma kotmiri."

Bi Kanta akaangua kicheko, wakuu. Kicheko kabisa, anajipiga paja. "Mwanahizaya wee! Mwanahizaya!" Akamwambia Hansa kwa Kihindi chao, Hansa akaziba mdomo kwa upande wa sari. Nikadhani nimepona. Hata miye nikaanza kutabasamu.

Kisha kicheko kikamkatika.

"Lakini nilikuuliza."

"Naam."

"Chumvi ni mchezo wa kitoto, hata wanangu wamenichezea. Lakini nilikuja mpaka ulipokaa, nikakuuliza wewe, kwa sababu hawa wengine hawasemi."

"Naam, bibi."

"Siku sita namwomba mtoto radhi. Naamka naye, nalala naye, nisamehe, nisamehe." Akazikusanya tambi zake. "Haya. Basi."

Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane.

Tukarudi nyumbani na Bibi kwa miguu, kufuata mfereji wa falaj. Kanga bado iko mfukoni mwake. Nikasema, "Bibi, nisamehe." Akaendelea kutembea. Tulipofika mlangoni ndipo akasema, bila kunigeukia, "Kumbe ulikuwa radhi miye niachwe."

Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo.

Tiketi Naran aliifuta. Bi Kanta amerudi jikoni, alhamdulillah, na Bibi anakwenda kwake Alhamisi kama zamani. Mtasema basi yameisha vizuri.

Hayajaisha. Kabla likizo haijamalizika nilimwona kutoka zizini. Amechota chumvi kiganjani, amesimama juu ya sufuria, anaitazama. Anaitazama. Kisha akamwita Hansa, akamiminia chumvi ile mkononi mwake, Hansa ndiye akatia. Kesho yake vilevile.

Anajua ni miye. Anajua mkono wake ni mzima. Lakini hofu ishaingia, na sijui kitu kinachoitwa hofu kinatolewaje mtu mzima akishaingizwa. Chumvi ingetoka kwa maji. Hiki nilichokitia kwa maneno matatu, na changu pia, sioni pa kukitolea.

Nimejifunza nini? Prank mtu anacheka nawe mwishowe. Ile ya maikrofoni hata mudir siku moja atacheka. Lakini kama mtu amekuamini wewe peke yako akuulize kitu, na ukamjibu uongo kujiokoa, hiyo haimo kwenye mzaha. Miye nilikuwa siijui tofauti. Video niliifuta, na kwenye group nimewaandikia ukweli. Wawili wamejitoa, mmoja kaniambia nimekuwa shekhe.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Baba hajui. Bibi hakumwambia, Naran hakumwambia. Baba anajua tu kwamba mwanawe aliondoka mkorofi amerudi mtulivu. Ijumaa iliyopita alinisifu mbele ya ami zangu, akasema lile shamba limeninyoosha. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Ami yangu mkubwa akasema, "Mashallah, na adabu pia kaipata."

Siwezi kuendelea kusifiwa hivi.

Sasa hivi Baba yuko sebuleni anakunywa kahawa. Nikishabonyeza kutuma, nampelekea simu asome mwenyewe kuanzia juu, kwa kuwa mdomo wangu ushanionyesha unachofanya ukibanwa.

Kwa hiyo wakuu andikeni. Mliowahi kufanya kama haya, semeni mlirekebishaje, kama kuna kurekebisha. Na wenye matusi msijizuie, leteni. Atayasoma na yeye.